Wingu limetanda, setilaiti imeonaje mafuriko?

SWALI: Habari za kazi wahariri, yale mafuriko ya Rufiji ya Aprili 2024 niliona ramani ya setilaiti, maji meusi tii, sasa mawingu yote yale walionaje chini? (Msomaji, Ikwiriri)

JIBU: Hapo ni rada ndugu yetu, kamera ya kawaida ikikutana na wingu ndo basi tena. Rada kama ya setilaiti ya Sentinel-1 ya Ulaya, ya kwanza ikarushwa 2014, inatuma mawimbi yake yenyewe halafu inapokea yanayorudi, wingu halizuii na hata usiku inapiga kazi. Maji yaliyotulia ni kama kioo, mawimbi yakigonga yanateleza upande wa pili hayarudi, ndo huo weusi ulouona, wanalinganisha na picha ya kiangazi, weusi mpya ndo mafuriko. Ila inadanganyika pia! Maji yakiingia chini ya mikoko mawimbi yanagonga maji, yanagonga shina, yanarudi kwa nguvu, panang'aa, na kompyuta inaweza kudhani pakavu. Halafu setilaiti moja inarudi njia ileile baada ya siku 12, mto wenyewe haumsubiri mtu, kwa hiyo mwenye shamba bondeni asingoje ramani.