Trauti Yuko Karibu na Viatu Vyako: Kuvua kwa Nzi Ziwani Pamoja na Familia

Msomaji mmoja ametuandikia. Anapanga kuipeleka familia yake na marafiki wawili Ziwa Ellis, upande wa Chogoria wa Mlima Kenya, wakavue trauti, samaki wa maji baridi, kwa nzi, yaani ndoana iliyofungwa manyoya ifanane na mdudu. Swali lake kubwa ni moja: anunue fimbo gani ili atupe mshipi mbali zaidi? Swali hili hurudi kila kiangazi kinapokaribia, na jibu halijabadilika. Umbali si tatizo lako. Ziwani, hasa asubuhi, trauti wengi wanaokula wako ndani ya meta kumi kutoka ukingoni, na wavuvi wengi huwafukuza kwa buti kabla hata hawajafungua rili, ile gurudumu ya kukunjia mshipi.

Sababu iko kwenye chakula chao. Mimea ya majini huota pale mwanga wa jua unapofika chini, yaani kwenye maji ya kina kifupi, na wadudu hukaa kwenye mimea hiyo: kereng'ende wachanga ambao bado hawajatoka majini, usubi wachanga, konokono wadogo. Usiku na alfajiri trauti huingia hadi kwenye maji ya kufika goti kuwatafuta. Jua likishapanda, mnamo saa 4 asubuhi siku isiyo na mawingu, hurudi hadi pale sakafu ya ziwa inapoteremka ghafla na rangi ya maji kugeuka kutoka kahawia kuwa nyeusi. Mstari huo wa rangi ndio wa kuutafuta kwanza ukifika. Mara nyingi mtu aliyesimama nyuma kidogo ya ukingo anaufikia bila kulowesha hata kiatu.

Kwa hiyo msiingie majini. Maji ya kule juu ni baridi ya kufisha ganzi miguu, tope halionyeshi kina chake, na kila hatua hutuma mtikisiko ambao samaki huuhisi kwa ubavu wake. Simama hatua tatu nyuma ya ukingo, ukiinama usionekane dhidi ya anga kama unaweza, na mtupo wa kwanza uwe mfupi, sambamba na ukingo na si kuelekea katikati. Ukishapita kushoto na kulia hivyo, ndipo uanze kurefusha, meta moja moja.

Neno kuhusu trauti wa mwitu. Trauti si wa asili Afrika Mashariki. Wa kahawia waliletwa kutoka Uskoti na kuwekwa katika mto Gura, Aberdare, mwaka 1905, na wale wa upinde wa mvua walifuata miaka michache baadaye. Wa mwitu tunaowasema ni waliozaliwa majini humo humo bila mkono wa mtu, na hilo lina sharti: trauti hutaga kwenye changarawe safi yenye maji yanayotembea. Ziwa lisilo na kijito kizuri kinachoingia au kutoka hutegemea samaki wa kupandikizwa. Ndiyo maana ukifika ziwa lolote, iwe Ellis, Rutundu au Alice, uliza kwanza vijito viko wapi. Mlango wa kijito una maji yenye hewa nyingi na chakula kinachoteremka, na samaki hujipanga hapo wakielekeza vichwa kwenye mkondo. Wakiwa ndani ya kijito kwenye changarawe wanataga, waacheni. Mvuvi anayemtoa jike kwenye changarawe anaumaliza uvuvi wa watoto wake mwenyewe, na hatuoni namna ya kulisema hilo kwa upole.

Sasa vifaa. Fimbo ya futi 9, namba 6, yenye mshipi unaoelea wa namba hiyo hiyo, inatosha kwa mtu mzima. Kwa mtoto wa miaka tisa au kumi na zaidi, futi 8 namba 5. Namba hizi ni za uzito wa mshipi, na ni muhimu kwa sababu katika uvuvi huu kinachoruka ni uzito wa mshipi. Nzi hana uzito wa maana. Mshipi mwepesi kuliko fimbo hauipindi fimbo, na mtu atajikuta anapiga hewa kwa nguvu huku mshipi unaanguka rundo mbele yake. Mbele ya mshipi funga nailoni inayopungua unene, meta 3 hivi kwa jumla, na ncha yake iwe ya kubeba kilo 2 hadi 2.5. Kwa watoto ifupishe hadi meta 2. Nailoni ndefu ndiyo chanzo cha nusu ya machozi ya ziwani. Na kwa kalamu ya wino usiofutika chora alama kwenye mshipi, meta 8 kutoka nchani. Mwambie mtoto: alama ikifika kwenye kidole chako, acha kuongeza.

Fundo la nzi liwe la mizunguko mitano. Lilowesheni kwa mate kabla ya kulikaza, kwani nailoni ikisuguana ikiwa kavu hupata joto na kudhoofika hapo hapo. Kisha vuteni kwa nguvu mkononi. Fundo baya likatikie mkononi, lisikatikie mdomoni mwa samaki.

Nzi hawahitaji kuwa wengi. Chukueni weusi na wa kijani cha zeituni, wenye mkia wa manyoya laini, ndoana namba 8 na 10 (kwa ndoana, namba ikiwa kubwa ndoana ni ndogo); hao huigiza kereng'ende mchanga na vingine vingi. Ongezeni Kenya Bug wachache, ambaye wavuvi wa mlima huu wamemtumia kwa miaka mingi, na usubi wadogo wa namba 14 kwa jioni tulivu, pale samaki wanapofanya viduara juu ya maji bila kuruka. Ukishampata samaki wa kwanza wa kula, pasua tumbo lake na umwage kilichomo kwenye kifuniko cheupe chenye maji kidogo. Utaona rangi na ukubwa wa alichokuwa akila, na utachagua nzi kwa kuona badala ya kubahatisha. Watoto hulipenda zoezi hili kuliko hata uvuvi wenyewe.

Mtupo wenyewe hufundishwa nyumbani, kwenye nyasi, kwa kipande cha uzi wa sufu badala ya ndoana. Kosa linalojirudia ni fimbo kushuka mno nyuma hadi mshipi ukagonga majani. Dawa yake: mkono usimame ghafla karibu na sikio, ngoja mshipi unyooke nyuma, ndipo usukume mbele. Mwenye haraka atasikia mlio kama wa mjeledi, na huo ni mlio wa nzi akikatika.

Ila kutupa ni robo ya kazi. Samaki hupatikana wakati wa kuvuta, na hapa ndipo tungependa wasomaji watumie muda wao. Nzi akishatua, shusha ncha ya fimbo hadi iguse maji. Ncha ikiwa juu, mshipi unaning'inia na samaki anauma na kutema kabla hujahisi kitu. Hesabu hadi tano, kisha vuta kwa mkono wa kushoto, sentimeta kumi, pumzika, kumi tena. Mtupo unaofuata hesabu hadi kumi, halafu kumi na tano. Nzi akirudi na majani, umefika chini. Punguza sekunde mbili, na hicho ndicho kina chako kwa saa hiyo. Waambie wenzako namba. Hii ndiyo faida kubwa ya kuvua mkiwa kundi: watu wanne wakijaribu vina vinne tofauti, jibu linapatikana mapema kuliko mtu mmoja akihangaika asubuhi nzima.

Kama samaki wanamfuata nzi bila kumuuma, mwendo wako hauna mabadiliko. Mdudu wa kweli husimama, huruka kidogo, husimama tena. Na kabla ya kuinua mshipi kwa mtupo mpya, mwache nzi atulie sekunde tano karibu na ukingo, kisha umwinue polepole. Samaki aliyekuwa akimfuata kutoka mbali humwona akielekea juu kama mdudu anayetoka majini, na humrukia hapo. Anayeng'oa mshipi kwa haraka anamnyang'anya samaki huyo nzi wake.

Akiuma, inua fimbo bila kukurupuka na mwache akimbie. Rili iwe imelegezwa kiasi kwamba unaweza kuvuta mshipi kwa vidole viwili. Akiruka juu, shusha ncha ili nailoni ilegee. Nailoni ikikatika pale pale anapouma, mara nyingi kosa ni la vifundo vidogo ambavyo upepo huvifunga wakati wa kutupa. Kimoja tu hupunguza nguvu ya nailoni karibu nusu. Pitisha vidole juu yake kila baada ya dakika chache. Ukikuta fundo, kata na ufunge upya, hata kama samaki wanaruka mbele yako.

Upepo ndio utakaopanga mahali pa kila mtu. Unasukuma chakula hadi ukingo unaopokea mawimbi, na samaki huufuata, kwa hiyo mwenye uzoefu aende huko. Wanaojifunza na watoto wakae upande ambao upepo unawatoka mgongoni. Kwa anayetumia mkono wa kulia, upepo utoke kushoto. Ukitoka kulia, nzi anapita usoni. Kila mmoja akae meta 15 mbali na mwenzake, na hakuna anayepita nyuma ya mtupaji bila kuita "Nyuma!" na kujibiwa. Kofia na miwani ni lazima kwa wote, akiwemo bibi aliyekaa kwenye kiti akimenya machungwa. Bonyezeni vijino vya ndoana zote kwa koleo kabla ya kuanza. Ndoana isiyo na kijino hutoka kwenye kidole kwa njia ile ile iliyoingilia, na samaki humpotezi mradi mshipi usilegee. Ikiwa ndoana imeingia karibu na jicho, msiiguse. Funikeni bila kukandamiza na muanze safari ya hospitali.

Usimfokee mtoto ziwani. Tunalisema kwa uzito. Baba anayetaka samaki wake na wakati huo huo anamfundisha mwanawe hupata hasara mbili. Kila mtoto awe na mtu mzima mmoja asiyeshika fimbo, mbadilishane kila saa, na mtoto akitaka kuokota mawe, aokote.

Ziwa Ellis liko karibu meta 3,450 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni kama theluthi mbili ya ile ya Mombasa, na maji huchemka yakiwa na nyuzi 88 hivi, kwa hiyo maharage hayaivi. Bebeni yaliyokwisha chemshwa. Laleni usiku wa kwanza penye lango la Chogoria, meta 2,950, kabla ya kupanda. Mtu akiumwa kichwa na kutapika, anashushwa siku hiyo hiyo, awe mtoto au mjomba mwenye kifua kipana. Ada za hifadhi, leseni ya kuvua na hali ya njia ziulizwe kwa KWS, Shirika la Wanyamapori Kenya, kabla ya safari, na muulize pia nyati wameonekana wapi. Januari na Februari, halafu Agosti na Septemba, ndiyo miezi yenye nafuu ya mvua, ingawa upande huu hunyeshewa kuliko pande nyingine na mawingu hufunga mchana. Muwe ukingoni saa 12:30 asubuhi kunapokucha.

Samaki wa kurudisha ashikwe kwa mikono iliyoloweshwa, atolewe ndoana akiwa ndani ya maji, na asishikiliwe nje zaidi ya sekunde kumi hata kwa picha. Ashikwe wima hadi aondoke mwenyewe. Wa kula, mmoja kwa kila watu wawili unatosha. Mpige kichwani mara moja, mpasue pale pale, na kwa ukucha wa kidole gumba kwangua ule mstari mweusi wa damu kando ya uti wa mgongo. Ukiachwa, nyama huwa chungu na huharibika mapema. Mfungeni kwenye nyasi mbichi zilizoloweshwa, kivulini, si kwenye mfuko wa plastiki. Chumvi, ndimu na mafuta kidogo tu, moto wa wastani, dakika nne kila upande kwa samaki wa robo kilo. Ameiva pale uti unapochomoka mzima ukivutwa kutoka mkiani.