Kipulizio kipi kinaifaa tuba ya E-flati?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Napiga tuba, lile tarumbeta kubwa la sauti nzito, kwenye bendi ya arusi hapa Malindi. Chombo chetu ni E-flati (ndiyo tuni yake) ya zamani, kimetengenezwa Uingereza. Noti za chini zilikuwa hafifu, nikanunua kipulizio (kile kipande cha kuwekea mdomo) cha mtumba, cha kampuni ya Bach, namba 18. Sasa chini kumenenepa, lakini noti za juu nazikosa, wenzangu wanasema nimeshuka tuni, na nachoka kabla hatujafika kwa bibi arusi. Tena kipulizio chenyewe hakitulii. Nitafute kikubwa zaidi?

JIBU: Marahaba. La, usiongeze ukubwa. Kabla ya kikombe, yaani pale midomo inapokaa, tazama mkia, yaani ile sehemu inayoingia kwenye bomba. Mikia ya tuba si mmoja: kuna wa kawaida wa Kimarekani, kuna mnene wa Ulaya, na kuna mwembamba uliotumika kwenye tuba nyingi za zamani za Uingereza. Tuba yako yaelekea ni ya mkia mwembamba, na kipulizio ulichonunua huenda mkia wake ni mnene mno kwake.

Paka chaki mkiani, uchomeke, zungusha mara moja, kisha uchomoe. Chaki ikifutika sawasawa kote, mkia umekaa. Ikifutika nchani tu, unagusa nchani na kwingine unaelea. Halafu weka alama ya penseli pale unapoishia: mkia uliokaa vizuri huzama kama sentimita 2.5. Ukizama nusu tu, njia ya hewa inarefuka, tuni inashuka, na noti za juu hazishikiki. Hayo ndiyo malalamiko ya wenzako.

Usiupige msasa kwa mkono, maana ukipoteza uduara umeharibika. Mpelekee fundi anayekereza shaba kwa mashine, au nunua kipulizio cha mkia mwembamba.

Sasa ukubwa. Bach 18 ina upana wa ndani wa karibu milimita 32.5, na Bach 24AW ni kama 31. Kwa Bach namba ikipanda kipulizio kinapungua, lakini kwa kampuni ya Yamaha ni kinyume, kwa hiyo usiagize kwa namba pekee. Kwa mtu anayetembea akipiga mtaa hadi mtaa, kwa tuba ya E-flati, mimi ningechagua milimita 31 hadi 32, kikombe cha mviringo chenye kina cha wastani. Vile virefu vya umbo la faneli, kama Helleberg, vina sauti pana na nzito ajabu, navipenda sana, ila vinakula pumzi na vinaifaa zaidi tuba kubwa ya B-flati. Usikijaribu dukani midomo ikiwa mibichi. Kijaribu mwisho wa mazoezi, ukiwa umechoka. Hapo ndipo ukweli unapojulikana.

Na ule unyonge wa chini ulioanza nao, huenda haukutoka kwenye kipulizio hata kidogo. Chomoa bomba dogo la valvu ya kwanza (kile kitufe cha kwanza cha kubonyeza), ziba kwa vidole matundu yote mawili yanayobaki wazi kwenye tuba, bonyeza valvu hiyo, kisha puliza. Hewa ikipita kwa wingi, valvu zimelika, na hakuna kipulizio kitakachoziba pengo hilo.

Ukimaliza kupiga, osha kipulizio kwa maji ya vuguvugu na sabuni, ukikaushe, hasa mkiani: chumvi ya pwani hukigandisha ndani ya bomba. Kikiganda usikivute kwa koleo. Kuna kifaa maalumu cha kukichomolea.