Jibu: Kwa nini laana kwa anayehamisha mpaka, na si adhabu?

Bwana asifiwe, ndugu. Umekwama kwa nini Kumbukumbu la Torati 27 inamlaani anayeondoa mpaka wa jirani bila kutaja adhabu. Anzia aya ya 15 na ya 24: zote zinasema "kwa siri". Kwenye kikundi chetu cha Biblia tulipitia laana zote 12 tukiuliza, nani angeshuhudia? Kipofu hamwoni anayempoteza njia. Jiwe la mpaka husogezwa usiku. Mahakama nayo ilidai mashahidi 2 au 3 (19:15). Ndipo Walawi, kabila la watumishi wa ibada, wanapaza sauti kutangaza laana hizo na watu wote wanaitika "Amina", yaani kila mtu anajifunga mapema, hata kwa lile ambalo hakuna atakayeliona. Hiyo Amina hunitetemesha. Soma pia 19:14. Katazo lenyewe liko pale.