Re: Mtoto wa darasa la pili hajui kusoma, nimtafutie tuisheni?

Dada, kabla ya tuisheni msikilize kwanza akisoma, dakika 10 tu kila jioni, ujue anakwama wapi. Mi ni mwalimu huku Chamwino, Dodoma, na mzazi pia, wa kwangu herufi zote alikuwa anazijua ila akikuta silabi kama mbwa au ng'o kwenye maandishi anabahatisha, basi tukawa tunaandika mchangani kwa kijiti huku tunamenya karanga, siku si nyingi akaanza kusoma mwenyewe maandishi ya kwenye mfuko wa unga, nilifurahi jamani! Na kama nyumbani mnaongea Kigogo, Kiswahili nacho ndo anajifunza, kwahiyo asiitwe mzito, hilo neno linaniuma sana. Mwalimu wake wa KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) pia muone, mkae na daftari la mtoto.