Simu Zisikatike: Majibu kwa Wanaotaka Kubadilisha Toleo la Asterisk

Tangu niandike kuhusu Asterisk, programu huria inayoendesha simu za ofisi, maswali yamekuwa yakinijia kutoka Nakuru hadi Busia. Mengi yanahusu jambo moja: tuhamie toleo jipya au tubaki tulipo? Leo nayajibu manne.

Fundi, shule yetu hapa Kakamega inatumia Asterisk 16. Haijawahi kutusumbua, na mkuu wa shule anasema maadamu inapiga na kupokea, tuiache. Nimwambieje?

Mwambie kwa heshima kwamba kupiga na kupokea ni nusu tu ya kazi. Toleo la 16 lilitoka Oktoba 2018 likiwa LTS, yaani la matunzo ya muda mrefu: miaka 4 ya kurekebishwa hitilafu, kisha mwaka 1 wa kuziba mianya ya usalama peke yake. Muda huo uliisha Oktoba 2023. Mwanya ukigunduliwa leo, wanaoitengeneza Asterisk hawatauziba kwenye toleo hilo. Na walaghai hawalali. Wanapekua intaneti wakitafuta seva za simu zilizo wazi kwenye port 5060, mlango wa kawaida wa simu za mtandao, na wakipata upenyo hupiga simu za nchi za mbali usiku kucha, mwenye laini akabaki na deni.

Nendeni 22. Ilitoka Oktoba 2024, itarekebishwa hadi Oktoba 2028 na kulindwa hadi Oktoba 2029. Kuanzia 16, LTS zimekuwa za namba shufwa: 16, 18, 20, 22. Zile za witiri, kama 19 na 21, hupewa mwaka 1 wa marekebisho na mwaka 1 wa usalama tu. Zinamfaa anayehitaji kipengele fulani kwa haraka. Shule haina haraka hiyo.

Tumetoka 18 kwenda 22 hapa Nakuru na simu zote za mezani zimekufa. Faili ya sip.conf, yenye mipangilio ya simu hizo, ipo vilevile, sijaigusa. Kosa liko wapi?

Kosa ni hilo hilo la kutoigusa, ndugu yangu. Faili ipo, lakini aliyekuwa akiisoma hayupo tena. Sehemu iliyoitwa chan_sip, iliyoisoma faili hiyo na kuunganisha simu, iliondolewa kabisa katika toleo la 21, mwaka 2023. Mrithi wake, PJSIP, aliingia na toleo la 12 mwaka 2013, na tangu toleo la 17 ilitangazwa wazi kwamba chan_sip imepitwa na wakati, watu wahamie PJSIP. Zimekaa bega kwa bega miaka kumi. Naona huo ni uungwana: kipya kilipewa muda wa kukomaa, nasi tukapewa muda wa kuhama. Tatizo ni kwamba wengi wetu tuliutumia muda huo kulala.

Rudi 18 leo ili watu wafanye kazi, lakini usikae huko, kwa sababu muda wake nao uliisha Oktoba 2025. Kisha andaa seva ya majaribio, hata kompyuta kuukuu itatosha. Ndani ya msimbo wa Asterisk kuna skripti iitwayo sip_to_pjsip.py itakayokugeuzia faili, ila usiiamini kwa kila kitu. Simu iliyoandikwa kwa fungu moja katika sip.conf sasa hugawanywa mara tatu: endpoint (simu yenyewe), auth (jina na nenosiri lake) na aor (mahali inapopatikana). Katika mpango wa simu (dialplan), yaani maelekezo ya simu ipi iende wapi, kila palipoandikwa SIP/101 paandikwe PJSIP/101.

Halafu ujaribu kutoka nje. Nalisisitiza hili kwa sababu niliwahi kuharibu. Katika kliniki moja mjini Kisumu nilihamisha mfumo Ijumaa jioni, nikapiga simu mbili kutoka chumba cha seva hadi mapokezi, zikasikika vizuri, nikaenda nyumbani. Jumamosi asubuhi wagonjwa wakawa wanamsikia karani, yeye hawasikii. Mama mmoja alipiga mara tatu kuulizia vipimo vya mtoto wake, na kila mara aliambulia "haloo, haloo" kisha kimya. Sikuwa nimeweka external_media_address, yaani anwani ya seva inayoonekana kutoka nje, kwa hiyo seva ilitoa anwani yake ya ndani, na sauti za watu wa nje zikapotea njiani. Ni mstari mmoja tu, na mama yule bado namkumbuka. Kagua pia mistari mingine inayohusu njia ya kwenda nje: local_net, rtp_symmetric na rewrite_contact.

Je, naweza kuwasha Asterisk upya mchana bila kumkatia mtu simu? (Bungoma)

Ndiyo. Tumia `core restart when convenient`: itangoja hadi pasiwe na simu hata moja. Ukiandika `gracefully` badala ya `when convenient`, simu mpya zitakataliwa huku zilizopo zikimalizika. `now` hukata zote papo hapo. Kabla ya yote, weka nakala ya /etc/asterisk, folda ya mipangilio yote, mahali pengine.

Mimi ni mwanafunzi hapa Maseno. Nimeandika kipengele kipya, lakini naambiwa kwanza nilete majaribio, yaani msimbo wa kuthibitisha kwamba kinafanya kazi. Mbona programu huria iwe na urasimu hivi?

Dada au kaka, nakuelewa, na nafurahi mno kwamba mtu wa huku anaandika msimbo huo. Lakini tazama enzi za toleo la 1.6. Kati ya 2008 na 2009 zilitoka 1.6.0, 1.6.1 na 1.6.2, kila moja na vipengele vyake vipya. Mwenye ofisi aliyetaka hitilafu irekebishwe alijikuta akibeba na mageuzi asiyoyaomba. Ndipo ikaja 1.8 mwaka 2010, ya matunzo ya muda mrefu.

Siku hizi kipengele kidogo kinaweza kuingia hata katika toleo la LTS, mradi kisivunje mpangilio wa mtu na kiwe na jaribio lake. Hapo hapo ndipo ulipoambiwa usubiri. Kifanye chako kiwe kimezimwa hadi mwenye mfumo akiwashe mwenyewe. Andika jaribio la simu inayofaulu na la simu inayokatika katikati, kwa sababu mtandao wetu hukatika. Kisha kitume tena kwenye tawi la master, lile kuu la msimbo wa Asterisk.