Mwambie Mwenyewe: Kwa Wauguzi Mnaoanza Wodi ya Saratani ya Watoto

Wadogo zangu mliopangiwa wodi ya saratani ya watoto, karibuni. Nina miaka 9 humo. Kutafuta mshipa, kuandaa dripu na kujaza chati mtaelekezwa na wenzangu na mtazoea. Mimi nataka kuwaeleza habari za mgonjwa mmoja ambaye wodi nyingi hazina nafasi yake: kijana wa miaka 13, 14, 15. Kitanda ni kifupi, ukuta umechorwa twiga na sungura, jirani yake ana miaka mitatu analilia uji. Yeye amegeukia ukutani, na watu wazima wanamjadili kana kwamba hayupo.

Kijana wa namna hiyo nilimkosea mwaka wangu wa kwanza. Alikuwa kidato cha pili. Alipata homa za mara kwa mara, akatibiwa malaria mara tatu, miguu ikamuuma hadi akashindwa kutembea, kisha damu ikaanza kumtoka puani na kwenye fizi. Kipimo cha damu kilionyesha chembe nyeupe nyingi kupita kiasi na chembe sahani, zile zinazogandisha damu, chache mno. Baba yake mdogo akanivuta kando. "Sista, nakuomba, asijue. Akijua atakata tamaa." Nikakubali. Nikamwambia kijana ana upungufu wa damu.

Majibu ya uboho yakarudi: lukemia, saratani ya damu, aina ile inayowapata sana watoto. Dawa zikaanza. Usiku, zamu yangu, alisoma jina la dawa kwenye lebo ya dripu akalitafuta kwenye simu ya mama yake. Nilipofika kitandani kanula, kile kimrija cha mshipani, ilikuwa sakafuni na shuka limelowa, maana kwa chembe sahani zile damu haikatiki upesi. Hakuwa analia. Aliniuliza tu, "Upungufu wa damu?"

Siku mbili alikataa dawa na kanula, na mimi akakataa hata kuniangalia. Mjue siku mbili hizo ni hatari kiasi gani. Dawa za mwanzo zikianza kuua chembe za saratani kwa wingi, taka zake humwagika kwenye damu na zinaweza kuziharibu figo. Ndiyo sababu siku za mwanzo tunampa maji mengi ya dripu na alopurinoli, dawa ya kukinga figo, na tunapima damu kila mara. Bila mshipa, hakuna tulichoweza kumkinga nacho. Siku ya tatu nilimwomba radhi mbele ya baba yake mdogo. Daktari akavuta kiti, akamweleza kila kitu kwa kalamu na karatasi. Alipomaliza, kijana akanyoosha mkono mwenyewe nimtafutie mshipa.

Sisemi mumruke mzazi. Jina la ugonjwa hulitoa daktari, mzazi akiwepo. Kazi yetu huanza kabla ya hapo. Kaa na mzazi, mwonyeshe mahali ambapo mwanawe atalisikia jina hilo hata tukinyamaza wote: kwenye raundi, kwa mtoto wa kitanda cha pili, kwenye kibao cha mlango wa wodi. Halafu muulize anaogopa nini. Wengi waliwahi kumuuguza mtu mzima aliyefika hospitali amechelewa, na hawajawahi kumwona mtoto aliyepona. Akiongea na mama ambaye wa kwake sasa anakuja kliniki tu, hubadilika kuliko ungemhubiria wewe siku nzima.

Baada ya daktari kuondoka, maswali hubaki kwako, na huja usiku. Asipouliza, mwambie haya: ugonjwa huu hauambukizi, na hakuna alichokula, alichofanya wala alichotenda mzazi wake kilichouleta. Mwambie pia muda wa kweli. Awamu ya kwanza ni wiki nne hadi tano, na matibabu yote ni miaka miwili hadi mitatu, mengi yake akiwa anatokea nyumbani. Kijana anapiga hesabu za shule. Ukimwambia "muda kidogo tu" atakuwa amekukamata kabla ya likizo. Akikuuliza kama atakufa, usikimbilie kusema "usiwaze hivyo." Mimi hujibu hivi: "Usipotibiwa huu ugonjwa unaua. Tunakutibu upone, na wapo waliopona. Siwezi kukuahidi, ila sitakuficha chochote." Kisha nyamaza, usiondoke.

Kwenye vipimo vivyo hivyo. Uboho huchukuliwa nyuma ya nyonga. Kama dawa ya usingizi ipo, vizuri. Kama ni ganzi tu, usimwambie haitauma. Ganzi inafika kwenye ngozi na juu ya mfupa, lakini daktari anapovuta uboho kwa sirinji kuna sekunde chache za maumivu makali, na atazisikia. Mwambie zinakuja lini, mpe mkono, hesabuni pamoja. Kwenye kipimo cha uti wa mgongo hulala ubavu, magoti yamegusa kifua, mgongo umepinda. Hapo hapo ndipo methotreksati, dawa ya saratani, huingizwa, kwa sababu dawa nyingi za mshipani hazifiki ipasavyo kwenye ubongo.

Na hapa niseme kwa sauti: vinkristini, dawa nyingine ya saratani, ni ya mshipani peke yake. Ikiingia uti wa mgongo inaua. Iwekwe kwenye mfuko mdogo wa dripu, isiwe kwenye sirinji, na isiletwe kabisa chumbani wakati wa kuchoma uti wa mgongo. Ukiiona hapo, simamisha kazi, hata aliyeshika sindano awe nani.

Wavulana daktari huwapima na korodani, kwani lukemia huweza kujificha humo. Funga pazia, toa watu, muulize nani abaki. Nimemwona kijana aliyevumilia uboho bila kutoa machozi akilia kwa sababu ya hili, shangazi zake watatu wamesimama.

Wiki ya pili atakuwa mkali, atatupa sahani, kisha saa nane usiku ataomba ugali. Hiyo ni deksamethasoni, mojawapo ya dawa zake, si tabia yake. Mweleze yeye na mama yake kabla, wasije wakagombana bure, na mama awe na chakula kilichofunikwa.

Homa mfundishe mwenyewe. Mpe kipimajoto, aandike namba zake. Ikifika nyuzi 38 aite, hata kama anajisikia vizuri, na asimeze dawa ya kushusha homa kwanza. Chembe za kinga zikiwa chini, antibayotiki ya mshipani inatakiwa iingie ndani ya saa moja. Tusimsubirishe hadi raundi ya asubuhi.

Yule kijana wangu, baada ya kumwomba radhi, nilimsomea kila dawa kabla ya kuifungua: jina, rangi, na itakachomfanya. Nilimwambia vinkristini inagusa mishipa ya fahamu, taya linaweza kuuma, choo kinaweza kuwa kigumu, vidole vikafa ganzi, mguu ukakosa nguvu ya kujiinua. Alisikiliza bila kusema kitu. Wiki ya nne nilikuwa nabadilisha shuka, akaniita.

"Sista, kandambili ya kulia inanivuka."

Nikamwomba atembee hadi mlangoni. Unyayo ulikuwa unaburuta, na hakuna kati yetu aliyekuwa ameuona, wala mama yake. Nikaenda kumwita daktari kabla dozi ya siku ile haijatundikwa.