Lavenda ya Lamu: Tatizo Si Jua, Ni Maji

SWALI: Assalamu alaykum, Mshauri wa Bustani. Mwanangu aliniletea mche wa lavenda, mmea wa maua ya kunukia, kutoka Nairobi, nami nikauweka chunguni katika kiwanda, yaani ua wa ndani wa nyumba yetu ya mawe. Naumwagilia asubuhi na jioni kama ninavyoimwagilia mirehani, lakini majani ya chini yamegeuka rangi ya kahawia na vijiti vimelegea. Je, ni joto la pwani? Na maua yake hutumiwaje? – Mama wa Langoni, Lamu.

JIBU: Waalaykumu salaam, mama. Mche wako unazama, hauungui. Asili ya lavenda ni nchi za Mediterania, inakoota kwenye miteremko ya mawe na chokaa isiyopata mvua wakati wa joto, na kwa hiyo mizizi yake huoza upesi katika udongo ulioloa. Uchomoe uitazame: mzizi ulio hai ni mweupe na mkakamavu, uliooza ni mweusi na hubonyea vidoleni. Kata iliyooza, kisha panda upya katika chungu cha udongo chenye matundu, ukichanganya nusu udongo na nusu mchanga mnene na vikokoto vya matumbawe vilivyooshwa vizuri kwa maji matamu, kwani chokaa yake huufaa mmea huu ilhali chumvi huudhuru. Usiweke kisahani chini. Mwagilia tu pale kidole kinapozama hadi kiungo cha pili bila kukuta unyevu.

Uhamishie darini, penye jua na upepo, na wakati wa masika uukinge na mvua. Ukinunua mwingine, chagua ule wenye majani ya menomeno, unaostahimili joto kuliko lavenda ya Kiingereza, ambayo huhitaji baridi ili ichanue vyema.

Maua yakatwe asubuhi umande ukishakauka, yale ya chini yanapoanza kufunguka, yafungwe mafungu na kuning'inizwa kichwa chini mahali penye kivuli na hewa. Yakikauka, yapukuse katika vifuko vya kitambaa uvitie sandukuni kati ya kanga. Kwenye kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia wanachojipamba nacho wanawake, sitayapendekeza kamwe kuliko asumini. Lakini asumini hufifia kwa usiku mmoja, na lavenda iliyokaushwa hunukia miezi mingi. Mafuta yake yasinywewe, na yawekwe mbali na watoto.